Vidole vya Mastura

Kila asubuhi pale kijijini Kinjumbi, nikishafagia uwanja, mjukuu wangu Mastura aliniamkia, nami nilimwuliza hali. Daima alijibu kuwa hajambo. Kisha tuliketi barazani na wasichana wa jirani kusuka ukili wa mikeka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na zama hizi Mwingereza ndiye anayetawala.

Mwaka ule ukili wake wa asubuhi ulianza kulegea, ingawa wa alasiri ulikaza vizuri. Nikaona ni uvivu. Niliufumua mbele ya wenzake, naye akaanza upya. Alipoinuka akishika ukuta, wasichana walimwita ajuza, nami nikacheka nao.

Siku moja niliwahi kurudi kutoka kisimani. Nikamkuta Kidawa, binti wa jirani, amemtilia Mastura maji ya uvuguvugu katika bakuli, anamkanda vidole kimoja kimoja. Vilikuwa vimevimba. Kidawa alisema hufanya hivyo kila siku, maana asubuhi havikunjiki.

Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Dresa Leonadi, mtibu wa pale, alimpapasa viganja na magoti, akampa asprini. Nilimwomba dawa ya kumponya kabisa. Alisema hana, na kwamba maradhi hayo ya viungo huenda yakakaa naye miaka. Nilitamani maumivu yale yahamie katika mifupa yangu iliyokwisha zoea. Hayakuhama.

Njiani nilimwuliza kwa nini alinificha.

"Bibi, mara ya kwanza nilikwambia vidole vinauma. Ukasema kazi itavilainisha. Basi nikanyamaza."

Nilikuwa nimesahau. Nikamwomba radhi, naye akalia begani kwangu mpaka nyumbani. Sikuwa na cha kumpa. Nilimwacha alie.

Tangu siku ile Mastura husuka alasiri tu. Asubuhi tunamkanda kwa zamu, na wale waliomwita ajuza ndio wanaomtekea maji. Ziko siku hata maji hayasaidii. Hapo tunakaa naye tu.

Juzi niliwaambia wasichana wote pale barazani, "Wanangu, ukiumwa, sema, na asiposikia wa kwanza, mwambie wa pili. Na ukiambiwa na mwenzio kuwa anaumwa, mwamini kwanza. Mimi sikumwamini mjukuu wangu, na maumivu yake yakawa mawili."