Viatu Vilivyoondoka na Mzee Mwadime

Haya nilisimuliwa na Wakesho mwenyewe, jirani yangu hapa Wundanyi, mwaka ule mvua ilipofungwa ili mabomba ya mawingu yatengenezwe. Tulikuwa tukichambua kunde, na mguu wake mmoja haukutulia chini ya kigoda.

Kiatu kiliona jiwe kabla ya mwenye mguu. Chini ya soli kilikuwa na macho madogo kama mbegu za mchicha, na ubavuni misuli ya mpira iliyojikunja na kujikunjua, na mikanda iliyojifunga yenyewe mguu ukiingia. Wakesho alishuka mwamba wa mlima Vuria ulioloa bila kufikiri akanyage wapi. Mguu ulikuwa umekwisha kupelekwa. Viliitwa viatu-macho.

Yeye alikuwa mkimbiaji wa dawa. Droni zilikuwepo tele, zikibeba hata mkate wa asubuhi, lakini ukungu wa Vuria ulizipofusha zikaangukia mashamba ya watu. Kwa hiyo dawa za zahanati za juu zilipanda kwa miguu. Wiki hiyo kikosi cha wakimbiaji kilikuwa kimempa viatu vya aina mbili avijaribu, achague watakavyovaa wote.

Vya pili vilikuwa viatu bubu: soli yenye meno, matundu ya kutoa maji, kamba za kufunga kwa mkono, basi. Alivijaribu akiwa na soksi nene, jioni moja, miguu ikiwa imevimba kidogo. Akabonyeza kwa kidole gumba kuona kama mbele pana nafasi, maana kiatu kinachobana ukiwa umesimama hung'oa kucha kwenye mteremko. Akavuka navyo kijito. Vilishika mwamba vizuri, ila vilikuwa vizito, na kilima kilimtoa jasho.

Kesho yake viatu-macho vilimpandisha upesi mpaka akacheka peke yake. Jambo moja tu lilimkera. Njiani alimkuta mama mtu mzima amebeba kuni, na kwetu mtu mzima hapitwi bila kusimama. Viatu havikusimama. Wakesho akasalimu huku shingo imegeuka.

"Wewe binti wa Mwadime!" yule mama akapaza sauti. "Siku hizi salamu unaitupa kama ganda la ndizi?"

Injinia Mghendi, aliyeviunda, alicheka alipoambiwa. "Ukishavitajia njia, havisimami hadi vifike. Mkimbiaji huchoka, huogopa. Kiatu hakiogopi. Na mgonjwa anangoja, Wakesho."

Neno hilo lilimshinda. Akaamua moyoni kwamba kesho, siku ya kutoa jibu kikosini, atasema viatu-macho. Alipofika nyumbani akavitajia njia ya alfajiri, hadi zahanati ya juu, ili viamke mguu ukiingia tu. Akaviacha mlangoni, akaingia kusonga kimanga cha muhogo na maharagwe.

Sasa, viatu vya mlangoni kwetu havina mwenyewe. Anayetoka kufunga mbuzi huchomeka miguu palipo karibu. Kule karakana kwa Mghendi kila mtu ana kabati lake, kwa hiyo hilo halikumjia mtu akilini.

"Mama!" Mzee Mwadime aliita kutoka uani. Humwita binti yake mama, kwa kuwa binti amerithi jina la mama mzazi wa mzee. "Mama wee! Viatu hivi vinakwenda wapi?"

Wakesho akatoka na mwiko mkononi. Baba yake, aliyeharibika goti machimboni na hutembea kwa mkongojo, alikuwa ameshapita mgomba wa mwisho. Mkongojo ulibaki umelala njiani.

Akampigia Mghendi. "Vizime! Baba amevivaa!"

"Havizimwi njiani," Mghendi akajibu. "Ndivyo tulivyotaka viwe."

Alichomeka viatu bubu, akavuta kamba, akakimbia. Ukungu ulikuwa unashuka. Alisikia sauti tu: kwanza kicheko cha baba yake, kisha, "Basi! Nimesema basi!" kisha kuhema. Alimfikia penye mwamba mkali. Midomo ya mzee ilikuwa ya rangi ya majivu, na goti bovu likipanda na kushuka kama la kijana.

Kumvuta hakukusaidia. Viatu vilimvuta zaidi. Ndipo Wakesho akampita, akainama mbele yake, akamnyanyua mgongoni. Miguu ikaachana na ardhi, ikabaki kupiga teke hewani.

"Tulia, baba!"

"Mimi nimetulia! Waambie hao wa chini!"

Akashuka hivyo, mzee mzima mgongoni akimpiga mateke mapajani, mwamba umeloa. Kila alipotaka kusimama apumue, alisimama. Viatu bubu vilingoja naye.

Jikoni alikata mikanda kwa kisu cha nyama. Mghendi akafika anahema.

"Vilipanda kwa muda gani?" akauliza. Kisha akaliona goti, lililovimba kama papai. "Nitavirekebisha."

"Rekebisha. Lakini kesho nasema viatu bubu."

"Mgonjwa atangoja zaidi. Wengine huenda wasifike asubuhi. Unalijua hilo?"

"Nalijua," Wakesho akasema, na hakumwangalia usoni. "Atamngoja mtu anayeweza kusimama."

Mghendi alipoondoka, Wakesho alimkanda baba yake kwa mafuta ya nyonyo. Miguu ya mzee ilikuwa bado inakimbia chini ya blanketi.

"Pale mwanzo nilifurahi, mama," mzee akasema. "Goti halikuuma. Nikasema leo nitaiona tena Vuria. Kisha nikasema basi, na hapakuwa na wa kunisikia. Hata miguu yangu mwenyewe." Akapiga miayo. "Mbuzi umefunga?"

"Nimefunga."

Akalala. Nje, viatu vilivyokatwa vilikuwa bado vikiparura sakafu ya baraza, tap, tap, vikitafuta mlima. Wakesho akatoka, akavipindua soli juu. Havikuona ardhi, vikanyamaza.

Akarudi, akaketi mkekani kando ya kitanda, akashika kifundo cha mguu wa baba yake ili asikie kikitikisika. Hakikutikisika. Miguu ya Wakesho mwenyewe, iliyopandishwa na viatu-macho mchana, ndiyo iliyokwenda kidogo, ikaenda kidogo tena, kisha usingizi ukamchukua mkono ukiwa palepale.