Mshale wa Chaki

Kila alipotoka shule, Cheche alibadili nguo, akavaa aproni na kufagia maranda katika karakana ya shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe, maana mtoto alikuwa mwepesi kama cheche ya moto. Ukimtuma, kabla hujamaliza kusema keshafika.

Shangazi alikuwa seremala. Wiki hiyo alikuwa akiunda masanduku mawili ya spika kwa ajili ya kwaya ya shule ya kina Cheche, ambamo naye aliimba. Migongo yake ilikuwa ya mviringo, kama mtungi uliopasuliwa katikati, na kila mgongo ulikuwa na matabaka mawili ya mbao. Sanduku la kwanza lilipokamilika, shangazi alisema, "La pili ni lako, mwanangu. Mashindano ni Jumamosi. Nionyeshe ulichojifunza."

Cheche nusura aguse dari kwa furaha.

Mbao za kazi hiyo zilikuwa nyembamba, za aina inayokunjika kama mkeka, lakini kwa upande mmoja tu. Upande wa pili zinagoma katakata. Kwa hiyo karakana ilikuwa na desturi yake: kabla ya msumeno, ikunje mbao kwa mikono, kisha chora mshale wa chaki kuelekea inakokubali kupinda.

Shangazi alipokwenda kununua gundi, Cheche alishikwa na pupa. Hakukunja, hakuchora. Alipima, akakata. Alipoiweka mbao kwenye mbavu za fremu ya sanduku ili aipinde, ikasimama wima kama ukuta. Akaisukuma kwa goti. Ikalia, krr!

"Umeikata kinyume!" Binamu yake, aliyekuwa akipiga msasa, aliangua kicheko. "Hongera, fundi mkuu!"

"Nyamaza wewe! Imebaki mbao moja tu, na matabaka ni mawili."

Binamu akaacha kucheka. "Basi sikiliza. Ikandamize kwa nguvu, ishindilie skrubu, tabaka la juu lifunike. Ukipaka rangi, nani ataona?"

Cheche alichukua skrubu. Akisema ukweli, huenda akanyang'anywa kazi. Lakini Jumamosi sauti yake mwenyewe ingepita katika sanduku lile, mbele ya watu wote. Akairudisha skrubu koponi.

Shangazi aliporudi, hakuwahi hata kuweka gundi chini, Cheche akamwambia: "Shangazi, nimeharibu. Sikuchora mshale."

Shangazi aliitazama mbao, kisha akamtazama yeye. "Umeshaipiga skrubu?"

"Bado."

"Tumepona! Ungeitoboatoboa, isingefaa hata kuwa kuni. Haya, igeuze."

Waliigeuza, na kwa kuwa sasa haikuenea ikiwa nzima, wakaikata vipande viwili, wakavipanga kwenye mbavu. Safari hii vilipinda kwa adabu.

"Hilo ndilo tabaka la ndani," shangazi alisema. "Kiungo cha vipande kikae juu ya ubavu. Ile mbao nzima itakuja juu yake. Lakini kwanza…"

"Mshale!" Cheche aliikunja mbao ya mwisho kwa mikono, akachora mshale kutoka ukingo hadi ukingo.

"Huo ni mshale au barabara kuu?" binamu aliuliza, na wote watatu wakacheka.

Jumamosi, mwalimu wa muziki alifungulia sauti hadi mwisho. Ngoma zililia, vioo vya madirisha vikatetemeka, lakini sanduku la Cheche halikutoa hata mkwaruzo. Kwaya yao ikawa ya kwanza, ukumbi mzima ukasimama kwa vifijo!

Shangazi alimvuta Cheche, akamwekea kiganja kwenye mgongo ule wa mviringo wa sanduku.

"Umeona ulivyotulia? Ungeilazimisha ile mbao, ingejibandua, ukabaki mwanya, na leo mwanya ungevuma kuliko nyinyi. Kosa ukilisema mapema, hurekebishika. Ukilifunika, mwanangu, siku moja litajisema lenyewe, tena kwenye spika!"