Maziwa na Bastola Havikai Chombo Kimoja

Nyumbani kwa Ntare, kule Masaka, siku huanza kwa maziwa. Trinah, mke wake, huyachemsha. Ishimwe, binti yao wa miaka sita, huyanywa mlangoni huku akitazama pikipiki zikipanda kilima. Kuna pia mtoto mchanga wa kiume. Huyu bado hana jina, lakini ana sauti, na anajua kuitumia.

Ntare hununua na kuuza mawe ya thamani. Kazi yake humpeleka mbali. Mwaka jana aliporwa njiani, akarudi nyumbani bila mzigo na bila viatu. Ndipo akaomba kibali cha kumiliki bastola. Alichunguzwa, akasubiri, akakubaliwa. Ilikuwa bastola fupi, ya kutosha kiganja. Ukipiga risasi moja, yenyewe hujipakia nyingine.

Kulikuwa na mafunzo. Ntare alikaa kiti cha nyuma, akijibu simu za wateja.

"Umejifunza?" Trinah alimuuliza aliporudi.

"Nina kibali."

"Baba Ishimwe, nimeuliza kama umejifunza."

"Aliyepewa kibali anajua."

"Mimi nina cheti cha ndoa," Trinah alisema, "na bado kila siku najifunza kuishi na wewe. Utaiweka wapi? Nyumba hii ina watoto."

"Mahali ambapo hakuna mkono utakaofika. Niamini."

Mahali hapo palikuwa sebuleni, juu ya kabati. Hapo kilikaa icyansi, chombo cha mti cha kuwekea maziwa, chenye kifuniko kilichosukwa na kuchongoka kama paa la msonge. Walikipata siku ya harusi. Vyombo vya maziwa vina heshima yake. Mtoto hakatizi karibu navyo, mgeni havigusi. Hata Trinah alikipangusa vumbi kwa nje tu. Ntare akafikiri: hakuna sanduku salama kuliko heshima. Akaiweka bastola humo, na risasi zake ndani.

Alimsahau mtu mmoja tu, yule aliyewapa chombo hicho.

Jumamosi moja, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, watu walipokuwa wakirudi na majembe begani, Nyirarukundo alifika kutoka Nyagatare. Huyu ni mama yake Trinah. Alikuja kumpa mjukuu wake jina. Nyuma yake alikuwa Afande Phiona, jirani, amembebea kidumu cha maziwa. Phiona alikuwa mwanajeshi huko Kanombe kwa miaka mingi. Sasa amestaafu, na anawafundisha walinzi kulenga shabaha. Mtaa wote humwita Afande, naye hupenda.

"Mama, mimina humu," Trinah alisema, akishika jagi la plastiki.

"Plastiki? Mwanaume apewe jina kwa maziwa ya plastiki?" Nyirarukundo alisema. "Icyansi changu kiko wapi?"

Ntare alikuwa amekaa. Akasimama. "Mama, acha mimi nikishushe."

"Mkwe wangu, kaa. Kazi hii si yako."

Mkwe hambishii mama mkwe. Ntare akakaa, jasho likimtoka. Nyirarukundo alikishusha chombo, macho yake kwa kitoto, akikichekea.

"Kizito hiki. Trinah, umekilisha nini?" Akafunua, akamimina bila kutazama. Maziwa yakaanguka juu ya kitu kigumu, yakamrukia usoni. Akachungulia. Mpini mweusi ulikuwa umesimama katikati ya maziwa meupe.

Alijipangusa shavu taratibu.

"Mkwe wangu," alisema, "kwenu Karagwe ng'ombe hukamuliwa chuma?"

Ntare aliruka, akaitoa bastola ikichuruzika. "Msiogope. Natoa risasi." Akabonyeza, magazini ikachomoka, ile inayobeba risasi. Akaiinua juu wote waione. "Basi. Sasa iko tupu. Ni jiwe tu hili."

Akageuka kumwonyesha mkewe. Alipogeuka, mdomo wa bastola ulipita juu ya mkeka, na juu ya mkeka alikaa Ishimwe.

"Ntare." Afande Phiona hakupaza sauti. "Simama hapo hapo. Toa kidole kwenye kifyatulio. Elekeza mdomo mlangoni, chini, kwenye udongo wa nje. Nyote, rudini nyuma yetu."

Alimkaribia kwa ubavu, akaichukua, akavuta sehemu ya juu nyuma kwa nguvu. Kitu kikaruka, kikagonga sakafu, kikabingirika hadi mguuni pa Trinah. Kilikuwa risasi nzima.

Trinah aliitazama.

"Ulisema tupu," Trinah alisema.

"Nimetoa magazini," Ntare alijibu kwa sauti ndogo.

"Ukichukua kapu la mihogo jikoni," Afande aliuliza, "na muhogo ulioko sufuriani unatoka?"

"Hautoki."

"Basi. Magazini ni kapu. Lakini kuna chumba cha risasi, na risasi moja inakaa tayari humo. Hiyo moja haijui kwamba kapu limeondoka."

Trinah alimpakata Ishimwe. "Baba Ishimwe, mtoto mchanga hatapewa jina katika nyumba hii mpaka ujue kitu chako, na kiwe na mahali pake. Usipoweza, kirudishe walikokupa kibali. La sivyo, jina atapewa kwetu Nyagatare, na sisi tutabaki huko."

Kwa mwanaume wa hapa, mwanawe kupewa jina nyumbani kwa wakwe, yeye akiwa hai na ana nyumba, ni aibu ya kusimuliwa vizazi. Ntare aliinamisha kichwa.

"Afande, nifundishe," alisema.

"Utajibu simu?"

"Nitaizima."

"Mimi nitasubiri," alisema Nyirarukundo. "Ila ng'ombe wangu hakutoa maziwa ya kuogesha bunduki. Hilo nitalikumbuka."

Kwanza bastola ilipelekwa kwa fundi wa silaha. Akaifungua, akanusa. "Nimesafisha matope, nimesafisha mchanga," alisema. "Mtindi, ni mara ya kwanza."

Kisha wakaenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha. Trinah alikwenda kuona kwa macho yake. Nyirarukundo hakualikwa, lakini alikuwa wa kwanza kuingia garini. Kabla Ntare hajapiga hata risasi moja, Afande alimfundisha wimbo wa kwata, naye Ntare akauimba mpaka koo likamkauka:

Chuma ukishakishika, hesabu kimejaa tu,
Mdomo wake geuza, usimwelekee mtu,
Kidole kisiingie, mpaka kulenga kitu,
Magazini ukitoa, chumba huficha chake tu.

"Sasa toa magazini," Afande aliamuru. "Vuta nyuma. Tazama chumba kwa jicho. Gusa kwa kidole, maana jicho huchoka. Kisha mwenzako naye atazame."

"Kwa nini na mwenzangu?"

"Kwa sababu juzi jicho lako peke yake liliona tupu."

Wakavaa vizibo vya masikio na miwani. Ntare alisimama, akakunja uso kama simba, akapiga. Karatasi ya shabaha haikutikisika. Akapiga tena. Vumbi likaruka kilimani.

"Mlima ameupata," alisema Nyirarukundo nyuma ya mstari.

Afande alimsimamisha. "Utotoni ulikamua ng'ombe?"

"Karagwe yote ilinijua."

"Ukinyakua chuchu kwa nguvu?"

"Anapiga teke."

"Na hii nayo inapiga teke. Wewe unanyakua kifyatulio. Kikamue. Shika mpini kwa mikono miwili, imara. Pumua. Bonyeza polepole, moja kwa moja nyuma, mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe."

Ntare alipumua. Akabonyeza kama anayekamua alfajiri, akimbembeleza ng'ombe mkali. Karatasi ikatoboka ukingoni. Akabonyeza tena, tundu likasogea ndani. Jua lilipopanda, matundu yalikuwa yamekusanyika katikati kama kuku kwenye mtama.

Trinah alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mama yake alisema, "Angalau sasa mlima umepona."

Walirudi uwanjani mara nyingi. Nyumbani, Ntare alifunga sanduku la chuma ukutani, kwenye chumba chao, kwa skrubu ndefu. Bastola hukaa humo bila risasi. Risasi zina sanduku lao, na kufuli lao. Funguo hukaa mwilini mwa Ntare. Afande naye alimfundisha Ishimwe wimbo wake mfupi: ukiona bunduki usiguse, ondoka, mwite mkubwa. Ishimwe aliuimba mpaka mtaa ukaujua.

Trinah alikagua makufuli yote mawili. Akavuta, akatikisa. Kisha akaenda jikoni kuwasha moto wa karamu, na Ntare akajua mwanawe atapewa jina hapo hapo Masaka.

Siku hiyo watoto wa jirani walijaa uani. Kwa desturi, watoto hula kwanza, kisha kila mmoja hupendekeza jina.

"Mtindi!" alisema Ishimwe, na nyumba nzima ikacheka, Ntare zaidi ya wote.

Jina lililoshinda lilikuwa Rwema. Nyirarukundo akainuka, akashusha icyansi. Watu walinyoosha vikombe. Lakini yeye hakumimina. Alifunua kifuniko, akakiinamisha chombo mwangani, akatazama kwa jicho. Akaingiza kidole, akapapasa mpaka chini. Kisha akakipeleka kwa mkwe wake, mbele ya wageni wote.

"Na wewe tazama," alisema.

Ntare alichungulia, kwa makini.

"Tupu, Mama."

Ndipo maziwa yakamiminwa.