Nukta ya Arobaini na Moja

Usinikunjie pua. Nimeona ulivyomkonyeza mwenzako. Kama umekuja kubisha, mlango uko pale pale ulipoingilia. Kama umekuja kusikiliza, kaa kitako na ufunge kinywa. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini macho sikuyaacha darasani. Na haya hayakumpata mpumbavu. Yalimpata binti wa dada yangu, aliyesoma mpaka vitabu vikamkimbia, tena mbishi kuliko wewe.

Ilikuwa Jumatatu, asubuhi kama asubuhi nyingine. Jua limepanda, kuku wanachakura, na yeye kachuchumaa uani kwa watu na ndoo yake.

Kazi yake ilikuwa kupima pumzi ya ardhi. Ndivyo alivyopenda kuiita, kwa mzaha. Kuna gesi inayoitwa methani. Haina rangi wala harufu, na hutoka yenyewe kwenye nyufa za mwamba, bila ng'ombe, bila jalala, bila mtu kuchimba chochote. Ofisi yao ilitaka kujua inatoka kiasi gani. Basi aliifudikiza ndoo nyeupe chini, akaziba ukingo kwa udongo mbichi wa mfinyanzi ili hewa isipenye, akachomeka mpira mwembamba uliokwenda kwenye mashine ndogo mfano wa redio. Dakika tano. Namba inapanda, anaandika, anang'oa ndoo, anahamia nukta nyingine, yaani mahali pengine pa kupimia. Nyuma yake hubaki pete ya udongo.

Alikuwa na nukta arobaini, na nyingi ziliizunguka nyumba ya mjane mmoja chini ya mlima. Mjane alimpa chumba. Majirani wao hawakumpa mjane hata salamu. Sakafu ya jikoni kwake ilikuwa na ufa, na akiwasha jiko, mwali wa buluu ulikimbia ufani kama mjusi. Kuku wake walikufa bandani siku moja, wote, bila jeraha. Mtaa ukaitisha kikao Ijumaa: abaki au afukuzwe.

"Fundi Ndoo!" mke wa seremala aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Pima na uvunguni mwake, huenda ukamkuta marehemu!"

"Ni gesi tu, mama. Ilikuwemo kabla babu wa babu yako hajaota meno."

"Gesi yangu mimi inakaa kwenye mtungi. Yake inatembea. Utakuja kuniambia."

"Napima nukta arobaini, na Ijumaa naleta karatasi yenye muhuri. Hapa hakuna mchawi, kuna mwamba uliopasuka."

Mjane alisikia, akashukuru kwa kichwa. Kisha akasema, "Pima utakako, mwanangu. Chumba cha nyuma tu uniachie."

"Kuna nini humo, mama?"

"Kuna sakafu."

Marehemu mumewe alikuwa mchimba visima. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba hicho alikuwa akiandika kwa penseli kina cha kila kisima alichomaliza, tarehe na namba, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Saba zake alizitia kistari kiunoni. Kisima kisichoandikwa, alikuwa akisema, hakijachimbwa. Cha mwisho alikichimba nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Alishuka asubuhi na taa, kamba ikarudi nyepesi, bila yeye. Mjane akamwaga zege juu yake, akajenga chumba. Mstari wa mwisho pale mlangoni una tarehe. Namba hauna.

Sasa, ile nukta ya arobaini ilikuwa wapi? Humo humo.

Jumanne mjane alipokwenda sokoni, binti yetu aliingia na ndoo. Alijiambia kwamba bila nukta hiyo karatasi yake itafaa kufungia sabuni tu. Akaziba ukingo. Akawasha mashine.

Namba ikapanda. Vizuri.

Kisha ikashuka.

Gesi iliyofungiwa hupanda. Haishuki. Akadhani udongo umeachia, akaukandamiza kwa kidole pande zote. Ulikuwa mzima. Namba ikapanda tena. Ikashuka. Akageuka mlangoni haraka, akimshuku mjane kuuchezea mpira. Hapakuwa na mtu. Ikapanda. Ikashuka. Taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Akabana pumzi ili asikie vizuri.

Namba ikasimama.

Akaachia. Ikapanda.

Akabana tena. Ikasimama. Ikamngoja.

Alipong'oa ndoo, zege ndani ya pete lilikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa na mdomo.

Jumatano alikuta pete uani, mahali ambapo hakupima. Udongo mbichi, mduara wa ndoo yake hasa. Akacheka kwa hasira: huyo ni mke wa seremala, anataka nionekane mwehu. Akaifungia ndoo ndani ya gari la ofisi, ufunguo akautia kifuani. Mchana akakuta pete ya pili, kizingitini. Jioni jua likiwaka bado, ya tatu kwenye ukumbi. Akamchungulia mjane vidole: vikavu. Akamwendea mke wa seremala, akamkamata mikono, akaitazama kucha kwa kucha.

"Una nini wewe?" mke wa seremala akamnong'oneza, na safari hii hakucheka. "Umeingia kule nyuma?"

Alhamisi adhuhuri joto lilimlemea, akajilaza kidogo. Aliamka na ladha ya udongo mdomoni. Uso ulimvuta, kama ngozi inayokauka. Akachukua kioo.

Pete. Imeanzia kwenye paji la uso, ikapita mashavuni, ikafungia chini ya kidevu. Mbichi.

Mashine ilikuwa pembeni ya mto, inawaka. Daftari liko wazi. Chini ya nukta arobaini alizoandika yeye, pana mstari ambao hakuuandika:

*Nukta ya 41. Dakika 5. Inapanda inashuka. Pumzi 77.*

Herufi kubwa. Saba zote mbili zilikuwa na kistari kiunoni.

Mjane alipoonyeshwa hakupiga ukelele. Aliketi kitandani, akapapasa ile namba kwa kidole gumba, polepole, kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa.

"Nilikwambia uniachie sakafu," akasema.

"Mama, wewe ulijua?"

"Mimi hulala ubavuni mwa ukuta wa chumba hicho miaka yote hii. Ungekuwa wewe usingejua?" Kisha sauti ikashuka. "Sasa umeshampima. Iandike namba yake kwenye hiyo karatasi yako. Mtu huyu hapendi kazi yake iachwe bila kuandikwa."

"Nikiandika kwamba sakafu yako inapumua, kesho watakutoa humu kwa mawe."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Usiniulize mimi ningefanya nini. Yeye alichana. Nukta ya arobaini na ile ya arobaini na moja, kipande chote cha chini, akakitia jikoni kwenye moto. Ufani mwali wa buluu uliinama mara moja, kama mtu aliyeitikia.

Ijumaa kikao kilikaa. Mwenyekiti akasoma kwa sauti: nukta thelathini na tisa, gesi ya mwamba, hakuna la ajabu, mjane atoboe madirisha na banda la kuku alihamishe. Muhuri ukapita mkono kwa mkono. Watu wakaguna, wakaridhika, wakaenda zao. Mjane akabaki na nyumba yake. Ila mke wa seremala, alipokuwa akitoka, alisimama mbele ya mpimaji akamnong'oneza:

"Umesema arobaini Jumatatu. Mimi kuhesabu najua."

Siku ile ile alipakia vyombo vyake akaja kwangu, mama yake mdogo. Ndoo hakuja nayo, aliitupa njiani. Nilimpa chumba hiki. Alilala kwenye mkeka huo huo unaoukalia wewe, wiki nzima, kisha akahamia mji mwingine, na mwingine, na leo ukimpigia simu anaongea vizuri tu, ila katikati ya maneno hunyamaza. Najua anafanya nini. Anabana pumzi, anasikiliza kama kuna kingine kilichobana nacho.

Hayo ni ya miaka tisa nyuma. Sasa inuka, ukunje mkeka.

Unaiona hiyo pete? Nimeisugua kwa sabuni. Nimemleta fundi akapiga saruji juu yake mara mbili, pesa yangu ikaenda bure. Gusa. Usiogope, si ulikuwa unacheka? Miaka tisa, na udongo haujakauka.

Haya. Nyinyi wengine tokeni, mkapunge upepo. Wewe mkonyezaji baki hapo hapo katikati ya pete, mbishi haogopi mduara. Dakika tano tu. Mimi nakwenda zangu, na mlango naufunga, maana hewa ikipenya kipimo huharibika.