Mercedes ya Byron

Siku ya soko Thika, mikokoteni ya viazi na pikipiki za mkate zikigombania lango moja, Mercedes kuukuu ya rangi ya krimu ilisimama katikati ya lango la soko la Madaraka ikakataa kuondoka. Injini ilinguruma vizuri. Gia ndiyo iliyokwama. Emmah, aliyekuwa kwenye usukani, aliivuta kwa mkono mmoja, akaivuta kwa mikono miwili, jasho likaanza kulowesha kola ya gauni lake la bluu lenye vitone vyeupe.

"Madam, utahama hapo ama tukujengee nyumba?" mwenye mkokoteni alipiga kelele. Watu wakacheka.

Mlango wa abiria ukafunguka. Mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya kijani akaingia akaketi kana kwamba alikuwa amealikwa, mkononi ana mabunda mawili ya uzi mnene wa kushonea viti.

"Wewe ni nani?" Emmah alishtuka.

"Mtu anayetaka kupita."

Aliinua ngozi iliyozunguka mguu wa gia, akapenyeza vidole ndani, akasukuma kitu. Gia ikalia tak! ikashuka.

"Twende polepole. Naitwa Kimeu, karakana yangu iko nyuma ya viwanda. Na usirudishe hiyo gia kwa P, ile ya kuegesha, hata polisi akikuambia."

"Na kama kuna rori mbele?"

"Kuna nini?"

"Rori."

"Sawa," Kimeu alisema, akitabasamu nje ya dirisha kusikia lori likigeuka rori. "Tukikutana na rori, nitashuka niiombe msamaha."

Emmah alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia.

Chini ya mabati ya karakana, Kimeu alimwonyesha shida. Kipande kidogo cha plastiki kilichoshika mguu wa gia kilikuwa kimezeeka kikavunjika. Ili kukifikia, konsoli ilibidi itoke yote, lile sanduku refu la katikati ya viti lenye gia, kisahani cha majivu na vibonyezo vya madirisha.

"Itarudi vile ilikuwa?" Emmah aliuliza.

"Itarudi."

"Vile ilikuwa kabisa? Hata screw?"

"Hii ni gari ama ni mgonjwa?"

"Ni ya familia," Emmah alisema, akaishia hapo.

Gari lilikuwa la Byron. Byron alikuwa mchumba wake, na alikwenda Marekani kabla ya korona, akaahidi kurudi Desemba. Desemba zilikuja zikapita. Emmah alikuwa yatima. Mama yake alipofariki, Mama Byron ndiye aliyemlipia mwaka wa mwisho wa chuo, akampa chumba cha mwanawe nyumbani kwake Gatongora, Ruiru. Tangu hapo Emmah alilala chini ya picha za Byron, akaendesha gari la Byron kwenda kazini kwenye kiwanda cha juisi Thika, akarudi jioni kumkuta mama amekaa dirishani akimngoja. Kanisani wanawake walimwita bibi ya Byron. Pete hakuwa nayo. Byron alisema ataileta mwenyewe. Mtu atamlalamikia nani, ikiwa kila mlango uliofungwa mbele yake umefungwa kwa upendo?

Jumamosi iliyofuata Kimeu aliitoa konsoli, Emmah akiwa ameketi kando juu ya mtungi wa rangi. Alianza na kisahani cha majivu, akafungua skrubu zilizojificha nyuma yake, akang'oa ubao mwembamba wa mbao kwa utaratibu wa mtu anayembandua mtoto plasta. Kila skrubu aliiweka kwenye shimo lake katika trei ya mayai. Kisha akachomoa waya za madirisha, akavuta sanduku zima nyuma na juu, likatoka. Chini yake palikuwa na vumbi, kitana kilichovunjika meno na maganda ya njugu.

"Ona," Kimeu alisema. "Gari ya heshima, lakini ndani inakula njugu kama sisi."

Kipande kipya kiliagizwa kutoka Nairobi kikachelewa, gari likabaki karakanani. Ubao ulikuwa na nyufa, Kimeu akaupiga msasa na kuupaka vanishi, ukauke, aupake tena. Emmah alipita kila jioni baada ya kazi, akiwa bado na koti jeupe la kiwandani. Simu nazo zikaanza.

"Sasa, Emmah wa Rori."

"Poa, fundi mvivu. Ubao umekauka?"

"Bado unalia. Unakuulizia."

"Vanishi gani hiyo haikauki wiki nzima?"

"Ukija kesho nitakuambia ukweli."

"Niambie sasa."

"Ulikauka Jumanne, mrembo."

Emmah aliuficha uso kwenye mto. Ukutani, picha ya Byron ilimtazama. Aliizima simu, akasikia Mama Byron akiuliza kutoka sebuleni, "Ni Byron huyo? Mwambie ale vizuri." Akajibu, "Sawa, Maitu," kama alivyozoea kumwita mama kwa Kikuyu.

Siku ya kurudisha konsoli mvua ilinyesha kwa hasira. Waya za madirisha hazikuwa zimeunganishwa, kwa hivyo waliketi ndani vioo vyote vimefungwa, pumzi zao zikivitia ukungu. Kimeu alilishusha sanduku mahali pake, Emmah akimshikia tochi. Mikono yao ikakutana juu ya gia, na hakuna aliyeuondoa wake.

"Emmah, mimi si mtu wa maneno mengi," alisema Kimeu.

"Tangu lini?"

"Wacha mchezo. Nataka nikupeleke kwetu Ukambani, Kithimani, mama yangu akuone."

Simu ikalia kwenye dashibodi, sura ya Byron ikajaza kioo. Ilikuwa siku aliyosema angepiga simu ya video aione kazi ya fundi. Emmah aliikata, ikalia tena. Akapokea.

"Babe, geuza simu nione," Byron alisema. "Hizo screw ni zile zile? Ubao mbona unang'aa hivyo? Na mwambie huyo fundi awe mpole, hiyo ndiyo itambeba bibi yangu kutoka kanisani."

Kimeu alichukua tochi mkononi mwa Emmah. Akaunganisha waya zilizobaki, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, akajaribu vibonyezo. Madirisha yote manne yakashuka, mvua ikaingia.

"Imerudi vile ilikuwa," alisema, akashuka.

"Kimeu, ngoja. Nisikize!"

"Ulisema ni ya familia. Hukusema familia ni wewe."

Emmah alimpigia njia nzima hadi Ruiru. Hakushika. Kesho yake pia hakushika. Gari sasa lilibadilisha gia laini kama siagi, na kila alipoishika gia Emmah alihisi analisukuma jiwe.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Byron aliingia garini, akaweka Biblia mapajani, akasema, "Usiwashe kwanza."

Alikuwa amevaa suti ya kijani kibichi na kofia yenye ua. Alimtazama Emmah muda mrefu.

"Macho yako yamevimba wiki yote. Ni fundi?"

"Maitu..."

"Mimi ni mzee, lakini si kiziwi. Byron hakuchekeshi usiku hivyo kwa simu." Alifungua pochi, akaifunga. "Mtoto wangu, Byron hawezi kuja. Makaratasi yake yaliharibika. Akitoka Marekani, hataruhusiwa kuingia tena. Aliniambia kitambo."

"Kitambo? Na ukaniacha ningoje?"

"Nilikuacha." Machozi yalimshuka bila sauti. "Ungeondoka. Ile nyumba jioni, Emmah... ni kubwa sana. Nikasema angoje kidogo, labda Mungu atafungua. Nilikuwa najidanganya, na wewe nikakufungia ndani pamoja na mimi."

Emmah alitaka kumpigia kelele. Badala yake alikuta ameushika mkono ule wenye mishipa, na wote wawili wakalia huku waumini wakipita na kuwapungia.

Alasiri hiyo alimpigia Byron, akamwambia yote, hata jina la Kimeu.

"Nilitaka kitu kimoja huko kibaki vile nilikiacha," Byron alisema. "Mum, gari, wewe. Nikifunga macho huku, ndiyo napata usingizi."

"Mimi si kitu, Byron. Nimezeeka hapa nikikungoja."

"Najua. Pole, Emmah. Pole sana. Usimwache Mum peke yake kabisa."

"Huyo ni mama yangu pia."

Kimeu alikuwa akishona kiti cha pikapu Emmah alipofika, kwa miguu, akiwa na gauni jekundu alilonunua mwenyewe na viatu vyenye tope. Cherehani haikusimama.

"Tumefunga," alisema.

"Cherehani inaenda."

"Gari iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani kwa wenyewe. Nimekuja mimi." Akamweleza, bila kujitetea sana. "Nilikosa kukuambia. Niliogopa ukijua utanikimbia, na sikuwa na mahali pengine pa kupumua. Sasa umejua. Kama unakimbia, kimbia nikikuona."

Cherehani ilinyamaza. Kimeu alifuta mikono kwa kitambaa, polepole mno, Emmah akiona ni mwaka mzima.

"Emmah wa Rori," alisema. "Karibu nichanganyikiwe."

"Na mimi."

Alimkumbatia papo hapo, mabaki ya uzi yakining'inia begani mwake.

Emmah alipanga chumba Makongeni, Thika, lakini kila Jumapili alirudi Gatongora kwa Mama Byron. Na Kimeu alipokuja kumposa, ilibidi aje huko huko. Hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, akashika kilo mbili za sukari kama ngao. Mama Byron alimzuia kizingitini.

"Unaingia kama fundi ama kama mgeni?"

"Kama mgeni, mama."

"Mgeni wa nani?"

"Nimekuja kumwomba Emmah. Kwako."

Yule mama aliangalia chini. Emmah alisikiliza akiwa jikoni na birika mkononi. Kuta zile zilikuwa zimemshika miaka mingi. Neno moja la mama huyu, na angeshindwa kutoka.

"Mama yako anaishi wapi?" Mama Byron aliuliza.

"Kithimani."

"Kuna joto huko?"

"Sana."

"Basi nitavaa ile nguo nyepesi." Akamwita Emmah kwa sauti ya juu: "Wewe! Wacha chai. Tunaenda leo. Nitaongea mimi, kwa sababu mtoto hajipeleki mwenyewe kwa watu kana kwamba hana mama."

Alirudi chumbani kutafuta nguo. Walimsikia akifungua kabati, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti isiyo imara, na akiuliza kupitia mlangoni kama Wakamba hunywa chai yenye tangawizi.