Mtu wa Tatu Chomboni

Jioni ile nilikuwa nimebeba tanga kichwani, limekunjwa kama godoro, nalipeleka kwa mwalimu Enock tukalijaribu kwenye mlingoti. Ulikuwa msimu wa ufuta. Nachingwea nzima ilinuka ufuta mkavu na vumbi la malori. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mikorosho, lakini mwanga ulikuwepo bado, ule wa rangi ya chai, ambao bado unaweza kumtambua mtu bila taa.

Nalisema hilo makusudi. Mwanga ulikuwepo.

Banda la mwalimu lilikuwa nyuma ya nyumba za walimu. Mlinzi, mzee Kasmiri, alikuwa getini anapepea jiko lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Pita. Mama mwalimu yumo ndani."

"Ritha? Kaja lini?"

"Sijui. Nimemuona tu anaingia. Nimemsalimia, hakuitika." Akashusha sauti. "Labda kachoka na safari."

Nilisimama pale na mzigo wangu kichwani, nikatamani kurudi. Si kwa kuogopa. Ni kwa sababu mimi na Ritha tulikuwa na jambo letu, ingawa hakuna aliyekuwa amelitamka.

Mimi naitwa Mwanawetu, mzaliwa wa Ruponda, fundi cherehani hapa sokoni. Utotoni nililelewa na ndugu Kilwa, nikaijua bahari kabla ya kujua kushona. Niliolewa hukohuko, nikaachika, nikarudi bara. Enock ni mtu wa Ukerewe, mwalimu wa useremala, kapangiwa kazi huku mbali na maji yoyote ya maana. Aliposikia kuna mashindano ya katamarani, alikosa usingizi. Katamarani ni mitumbwi miwili myembamba iliyofungwa pamoja kwa mihimili, katikati wavu wa kukalia, na tanga moja juu. Mashindano yalikuwa ya kutoka Kilwa, kupita Songosongo na Mafia, hadi Unguja. Kila chombo watu wawili, si zaidi.

Alikuja kwangu kutafuta wa kumshonea tanga. Nikamuuliza kama ataondoka na upepo wa kusi au atasubiri upungue. Akatabasamu.

"Fundi, wewe umewahi kukaa chomboni."

Tangu siku hiyo mwenzake wa safari nikawa mimi.

Mkewe, Ritha, ni muuguzi Ruangwa. Ajira iliwaweka wilaya mbili, kwa hiyo huja mwisho wa wiki kwa basi. Mara ya mwisho alitukuta bandani, mikono imejaa gundi, tunacheka kitu ambacho hata sikikumbuki. Alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, akatutazama kama mtu anayesubiri aitwe ofisini.

"Na huko visiwani mtalala wapi?" aliuliza.

"Popote chombo kitakapofika, sista," nikamjibu.

"Pamoja."

Halikuwa swali. Enock hata hakusikia. Alikuwa anapiga msasa.

Basi, jioni ile nikaingia.

Ritha alikuwa amekaa ndani ya chombo. Mtumbwi wa kulia, mbele, kwenye ubao wangu wa kukalia. Amenipa mgongo, amejifunika kanga hadi kichwani. Nikasikia harufu ya spiriti ya hospitali, na chini yake harufu nyingine, ya matope ya ziwani.

"Karibu, sista. Pole na safari."

Hakugeuka.

Tone... tone... Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye pindo la kanga yake. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano.

Alikuwa ameshika kamba ya tanga, ile ninayoishika mimi tukifanya mazoezi ya nchi kavu humo bandani. Ameileta puani. Anainusa taratibu, kipande kwa kipande, kama mke anavyonusa shati la mume aliyechelewa kurudi.

"Sista Ritha?"

Nje nikasikia hatua za Enock. Alikuwa anaongea na simu, kaiweka sauti ya juu kama kawaida yake.

"...ndiyo kwanza unaamka?"

Na sauti ikamjibu kutoka kwenye simu, nzito ya usingizi: "Nilikuwa zamu. Nimelala mchana kutwa. Nimeota niko bandani kwako, Enock... nimekaa..."

Sauti ya Ritha. Aliyekuwa Ruangwa.

Yule wa chomboni akageuka.

Uso ulikuwa wa Ritha. Kovu dogo la kidevuni, hereni zake za dhahabu, kila kitu. Macho tu ndiyo yalikuwa yamefumbwa. Amelala. Alinigeuzia uso ule uliolala, pua zikatanuka, akavuta pumzi kama anatafuta nilipo.

Nikapiga ukelele, tanga likaanguka.

Enock alipoingia, ubao ulikuwa mtupu. Lakini ulikuwa umelowa, na kamba ilikuwa inachuruzika maji.

"Umemwaga nini?" akauliza.

Sikumwambia. Ningesemaje? Kwamba mkeo anakuja huku bila mwili wake?

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi Ruponda kwa mama mkubwa, Sikuzani. Nilimkuta anapepeta ufuta. Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu, tuliongea Kimwera. Nilimweleza yote. Hakuacha kupepeta.

"Ana dawa? Anakwenda kwa waganga?"

"Ni muuguzi, mama. Mkatoliki. Hata chale hana."

"Basi hajatumwa na mtu, na mwenyewe hajui kama anakuja." Akapuliza makapi. "Angekuwa mchawi ningekupa cha kumzuia. Mchawi anaogopa. Huyu amelala, atamwogopa nani?"

"Sasa nifanye nini?"

"Usikae mahali anapopataka."

Nilikasirika. Nilirudi mjini nimenuna njia nzima. Ubao ule ulikuwa wangu. Kwa miaka nilikuwa nashona sare za watu na mapazia ya watu, na sasa nilikuwa na kitu kimoja ambacho nikikifikiria natabasamu peke yangu. Nikiache kwa ajili ya ndoto ya mtu?

Nikakaa kimya. Tukaendelea.

Mazoezi ya majini tulifanyia Chunyu, wilaya ya Ruangwa, kwenye shimo kubwa la kifusi lililoachwa na wajenzi wa barabara. Lilikuwa limejaa maji, likawa bwawa. Si bahari, lakini upepo wa alasiri ulitosha kujaza tanga. Tulikibeba chombo kwa fuso, tukakishusha.

Mwanzo kilikwenda vizuri mno. Tanga langu lilishika upepo, Enock akapiga mluzi.

"Fundi! Unaona?"

Kisha upande wangu ukazama kidogo.

"Rudi kati," Enock akasema.

"Niko kati."

Mtumbwi wa kulia ulizidi kudidimia, kama kuna mtu ameukwea kutoka majini. Nikasikia spiriti ya hospitali. Nikasikia pumzi nyuma ya sikio langu, ndefu, za mtu aliyelala fofofo.

"Enock..." nikanong'ona. "Usigeuke."

Aligeuka.

Sijui aliona nini. Alisema maneno mawili tu.

"Mke wangu?"

Mkono wa baridi ukanishika kifundo cha mguu. Chombo kikalala ubavu, tanga likapiga maji, nikaenda chini.

Mimi najua kuogelea. Nilipiga mikono, nikapiga miguu, wala sikupanda. Vidole vile vilikuwa vimenibana, na kimoja kilikuwa na pete, niliisikia ikinikata. Vilinivuta chini kwenye giza la matope. Nilifumbua macho, nikauona uso wake karibu na wangu. Kanga inaelea. Macho yamefumbwa. Mdomo uko wazi, na kutoka kwenye mdomo ule mapovu yalikuwa yanapanda.

Naye alikuwa anazama.

Nikashikwa nywele, nikavutwa juu. Enock alinilaza ukingoni, akanigeuza, nikatapika maji. Kwenye kifundo cha mguu wangu kulikuwa na alama za vidole, nyekundu, na kimojawapo kilikuwa kimenichana duara.

Simu ya Enock, iliyobaki kwenye fuso, ilikuwa inaita. Ilikuwa hospitali. Walikuwa wamemkuta Ritha kwenye chumba cha kupumzikia wauguzi, juu ya kitanda, anakohoa maji. Shuka zilikuwa zimejaa matope. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Tulikwenda moja kwa moja. Enock ndiye aliyeendesha lile fuso. Tulipofika Ruangwa mjini nilimwomba aniache niingie kwanza peke yangu, akakubali. Nadhani alikuwa anaogopa.

Ritha alikuwa amelazwa mwisho wa wodi. Aliponiona alifunika uso na mto.

"Sikutaka kukuua," alisema ndani ya mto. "Mwanawetu, naapa mbele ya Mungu. Nalala tu. Nikilala naenda."

"Najua."

"Nimejaribu kutolala. Nakunywa kahawa hadi mikono inatetemeka. Nachukua zamu za wenzangu. Halafu kichwa kinaangukia mezani, na niko pale, nakuona."

Nikakaa kitandani kwake. Nikamuonyesha mguu. Akautazama, kisha akatazama pete yake.

"Unadhani nakuonea wivu kwa sababu ya Enock," akasema baadaye.

"Si ndivyo?"

"Huyo najua halali kwako." Akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Mimi ni wa Ukerewe vilevile. Baba yangu alikuwa na mtumbwi wa tanga. Mimi ndiye niliyemfundisha Enock kushika usukani. Mimi! Alikuwa anaogopa mawimbi, alikuwa analia. Na siku aliyoanza kuchonga chombo hiki, alinipigia simu kuniambia kapata mwenzake. Mimi nikipiga ananiambia gesi imeisha. Wewe anakuambia habari za upepo. Hakuniuliza, Mwanawetu. Hata mara moja, hakuniuliza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Nilitoka nje nikamkuta Enock kwenye benchi.

"Kwa nini hukumuuliza mkeo?"

"Kumuuliza nini?"

"Kwenda."

Akanitazama kama nimeongea lugha asiyoijua. "Ana kazi. Nilijua atakataa."

"Kamuulize."

Aliingia. Kupitia dirishani nilimwona anapiga magoti kando ya kitanda, na mkono wa Ritha ukashuka polepole juu ya kichwa chake. Nikaangalia pembeni.

Hivyo ndivyo nilivyokitoa kiti changu. Ritha aliomba likizo, akapewa. Alikuja bandani, tukapunguza kamba kulingana na urefu wake. Nilimfundisha namna tanga langu linavyopenda kukunjwa. Alijua mengi kuliko mimi, na alikuwa na adabu ya kutoonyesha. Alikuwa analala usiku mzima, alisema, bila ndoto. Alinenepa kidogo. Siku fuso lilipoondoka kwenda Kilwa alinikumbatia kwa nguvu, akaniita mdogo wake.

Niliwapungia mkono mpaka vumbi lilipokwisha.

Nikarudi kwenye cherehani.

Nilijiambia nimefurahi. Kila aliyepita dukani nilimwambia nimefurahi. Walikuwa wananitumia picha: chombo Kilwa Masoko, kimepakwa rangi, Ritha amekaa mbele, nywele zinapeperuka, meno yote nje. Nyuma yake tanga langu, mshono wangu, ule mshono mara mbili wa pembeni uliotaka kunipofusha macho. Watu wakaandika pongezi chini ya picha. Hongera mwalimu. Hongera sista. Nilisoma zote. Nikazisoma tena. Nilikata kitambaa cha sare ya mtu kwa upande usio sahihi, nikakitupa.

Siku walipoondoka kuelekea Songosongo kulikuwa na joto la ajabu. Baada ya chakula cha mchana nililaza kichwa juu ya meza ya cherehani. Kidogo tu.

Simu iliniamsha. Ilikuwa inaita, na ilikuwa imeshaita mara nyingi bila mimi kusikia. Mabega yalikuwa yananiuma kama niliyevuta kamba.

Ritha. Upepo mkali nyuma yake, na maji yanapiga mbao.

"Mwanawetu." Alikuwa ananong'ona. "Uko wapi?"

"Niko dukani. Nachingwea. Vipi, mmeshaona kisiwa?"

Maji yakapiga mbao tena.

"Ritha?"

"Ulikuwa umelala?"

Kinywa changu kilikuwa kimekauka. Nilipolamba midomo, ilikuwa na chumvi.

"Nilisinzia kidogo," nikasema. "Lakini sasa niko macho. Ritha, unanisikia? Niko macho kabisa, naongea na wewe."

"Nasikia," akasema. Akaanza kulia kwa sauti ndogo. "Nasikia kwamba uko macho. Ndiyo maana naogopa."

Kisha nikamsikia Enock. Hakuwa anaongea na simu. Alikuwa anamwita mtu aliyekuwa hapo hapo pamoja nao.

"Fundi... fundi, tafadhali..."

Na mtu akamjibu, karibu kabisa na simu, kwa upole, kwa sauti ninayoisikia kila siku ninapoongea na wateja wangu.

"Songeni kidogo," alisema. "Nami nikae."