Kionja cha Ikungulu

Salome Mughwai, fundi wa maji, alikuwa amekwisha fungua kiungio cha chini na kuuchomoa mpira wa kutolea maji. Sasa alikuwa akiupitishia kijiti chenye pamba ili kuusafisha ndani. Pamba ilitokea upande wa pili ikiwa nyeupe na laini kama alivyoiingiza. Alisita. Akachukua pamba nyingine, akapitisha tena, nayo ikatoka safi.

Mbele yake, ndani ya mtungi wa kioo wenye joto la mwili wa mtu, kionja kiliendelea na kazi yake. Kilikuwa kipande cha nyama ya rangi nyekundu iliyofifia, chembamba kama chapati, kimetandazwa juu ya wavu. Upande mmoja maji yaliingia tone kwa tone, upande wa pili yakatoka. Kila tone lilipopita, nyama ilisinyaa kidogo kisha ikajinyoosha. Juu ya mtungi iliwaka taa ya kijani.

Vipimo vya zamani viliweza kutafuta kile tu vilichoambiwa vitafute. Kama viliambiwa floraidi, vilitafuta floraidi, na kama viliambiwa zebaki, vilitafuta zebaki. Lakini tangu machimbo ya dhahabu ya kule kilimani yaachwe, kilichokuwa kikizama ardhini na kufika kwenye kisima cha mji kilibadilika kila msimu, na hakuna aliyejua jina la kila kitu. Nyama haikuhitaji jina. Sumu yoyote ikipita, iliugua. Ndiyo maana wataalamu walijifunza kukuza kipande cha figo kutokana na chembe za mtu na kukinywesha maji kabla ya mji mzima kunywa. Kionja kikiugua, taa iligeuka nyekundu, na Mratibu, mtambo uliokaa mkoani ukisimamia maji ya miji mingi, ulifunga vali zote. Kionja kikiwa kizima, koki zilifunguka.

Watu wa Ikungulu hawakukiita kionja. Walikiita Mtoto, kwa sababu walijua kilikotoka. Idrisa, mtoto wa pekee wa Mwanaidi Gwae, alikufa kwa maradhi ya figo katika hospitali ya wilaya. Figo zake zilidhurika kwa maji ambayo wenzake waliyastahimili, na kwa hiyo wataalamu waliona kwamba nyama yake ingehisi ubaya mapema kuliko ya mtu mwingine. Walimwomba mama yake chembe za Idrisa, mtoto angali hai. Mwanaidi aliuliza kama zingesaidia watoto wengine, akaambiwa ndiyo, akakubali.

"Mtoto anasemaje leo?" Njiku, mlinzi wa nyumba ya pampu, aliuliza akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Anasema hajambo."

"Basi katuzidi afya. Mimi viatu vimenikataa tangu juzi."

"Uzee huo."

"Uzee gani unaingia miguuni tu na kuacha kichwa? Nywele zangu unaziona, hata mvi hazina."

Salome aligeuka akamtazama miguu. Njiku alikuwa amevaa ndala, na kamba zake zilikuwa zimezama katika nyama iliyovimba. Asubuhi ileile mganga wa zahanati alimpigia Salome simu kumwambia kwamba watoto wanaamka wamevimba uso, na kwamba ugonjwa anaufahamu, ila taa ya kijani inamchanganya. Salome alimjibu kwamba angekuja kukagua kionja. Alikuwa amekuja kwa ajili hiyo.

"Njiku, birika lako la chai, ndani likoje?"

"Jeupe. Ukilikwangua unapata chokaa ya kupaka nyumba mbili. Si maji yetu hayo?"

Salome alimwonyesha ule mpira. Maji ya Ikungulu yaliacha ukoko wa chumvi katika kila kitu yalichokigusa, katika mabirika, katika koki, hata katika glasi iliyoachwa mezani usiku mmoja. Mpira huu ulikuwa umepitisha maji tangu mavuno, na ndani ulikuwa kama umetoka dukani.

"Mtoto hanywi maji yetu," alisema. "Nani huwa anaingia humu?"

Njiku aliitazama chai yake. "Mama yake tu. Huja alasiri, akakaa naye. Sasa Fundi, ningemkataza kwa maneno gani?"

Salome aliurudisha mpira mahali pake. Alizunguka nyuma ya kabati la mtambo. Kwenye bomba linaloleta maji ya mji palikuwa pamefungwa kamba ya mpira, imekazwa barabara. Pembeni yake palikuwa na sindano ya dripu ya hospitali iliyochomwa katika kiungio na kuzungushiwa plasta kwa uangalifu mkubwa. Juu, kwenye msumari, ulining'inia mfuko uliobaki na maji kidogo. Kazi ilifanywa vizuri. Mtu aliyeifanya alikuwa amewatazama wauguzi kwa muda mrefu.

Alirudi mbele, akabonyeza kitufe cha kumwita Mratibu.

"Kionja cha Ikungulu ni kizima," sauti ilisema. "Maji ni salama."

"Kionja hakikunywa maji ya mji. Kimenyweshwa maji mengine. Naomba ufunge vali."

"Neno la fundi halifungi vali. Zamani lilifunga, na mafundi waliwafungia maji waliogombana nao. Kionja pekee ndicho kinachofunga."

"Basi nikirudishe kwenye maji ya mji sasa hivi."

"Ukikirudisha ghafla kitakufa kabla ya kutoa dalili. Kifo cha ghafla huandikwa kuwa hitilafu ya mtambo, na vali hubaki zilivyo hadi wakaguzi wafike. Anza na robo ya maji ya mji. Ongeza robo kila siku. Kikiugua kwa utaratibu huo, nitafunga."

"Na kikifa baada ya hapo, utaleta kingine?"

"Akiba ya chembe za Idrisa imekwisha. Mji usio na kionja huondolewa kwenye huduma."

"Watu watakunywa nini?"

"Swali hilo halihusu ubora wa maji," Mratibu alisema, na mazungumzo yakakatika.

Salome alifunga mlango akaenda kwenye kioski cha maji kilicho karibu na soko. Foleni ilikuwa ndefu. Juu ya koki iliwaka taa ndogo ya kijani, inayofuata ile ya kwenye mtungi. Aliwasalimia, kisha akawaambia kwa sauti ya kawaida kwamba maji hayafai kwa kunywa wala kupikia, na kwamba kuyachemsha hakutasaidia.

"Mbona taa ni kijani, Fundi?" aliuliza mwanamke mmoja muuza vitumbua aliyekuwa mbele na ndoo mbili.

"Taa inakosea."

"Mwaka jana ilipokuwa nyekundu nikakusihi unipe hata ndoo moja, ulisema taa haikosei."

Wachache walicheka. Salome naye alikumbuka kwamba alisema hivyo.

"Mwaka jana haikukosea. Sasa inakosea. Nyuso za watoto si mnaziona?"

"Tunaziona," mwanamke alisema, na sauti yake ikashuka. "Mwanangu wa mwisho leo macho hayafunguki. Haya, niambie. Nisipochota haya, nichote wapi?"

Lambo lilikuwa limekauka. Malori yasiyo na dereva yalipita barabara kuu yakiwa na maji ya miji mikubwa, na hayakusimama Ikungulu. Mvua ya mwisho ilikuwa imesahaulika. Salome alifikiri juu ya kila mahali alipopajua, akakosa hata mahali pamoja pa kumtajia.

"Sijui," alisema.

"Ahsante kwa kusema kweli," mwanamke alimjibu bila kejeli, akafungua koki. Maji yalianza kuingia katika ndoo. Waliokuwa nyuma yake walisogea hatua moja.

Aliporudi nyumba ya pampu, Mwanaidi alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amepanda juu ya kigoda, anatundika mfuko mpya. Kidumu cheupe kilikuwa sakafuni. Alimsikia Salome akiingia na hakujificha. Alimaliza kufunga fundo, akashuka polepole, kwanza mguu mmoja kisha mwingine, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekwisha ona."

"Nimeona. Maji haya ni ya wapi?"

"Ya mvua. Ile ya mwisho, nilikinga kwenye pipa, nikalifunika. Yanakaribia kwisha."

"Wewe mwenyewe unakunywa yapi?"

"Ya bomba, kama watu."

Salome alivuta kiti akampa, naye akabaki amesimama.

"Alikuwa amepauka," Mwanaidi alisema. "Nilikuja siku moja nikamkuta amepauka vilevile kama kule wodini, wiki ile ya mwisho. Nikasema hapana. Mara ya kwanza nilikuwa sijui. Mara hii najua ni maji."

"Mama, huyu si Idrisa."

"Idrisa nilimzika mimi, mwanangu. Usinifundishe hilo. Hii ni figo yake. Ilimuuma akiwa hai, na sasa hayupo na bado mnaiumiza."

"Haiumwi kama mtu anavyoumwa. Haina fahamu."

"Una hakika?"

Salome alikuwa amesoma kwamba ndivyo ilivyo. Alitaka kusema ndiyo, lakini alikitazama kipande kile kikisinyaa na kujinyoosha. "Ndivyo wanavyosema," alijibu.

"Ndiyo. Wanasema."

"Alipopauka, angegeuza taa. Maji yangefungwa. Ulipompa maji ya mvua, mtambo ulidhani mji mzima unakunywa maji ya mvua."

Uso wa Mwanaidi haukubadilika, ila mkono wake ulitafuta ukingo wa meza. "Mimi nilidhani mitambo inapima yenyewe. Mitambo yote hii."

"Mitambo yote hii inamtazama yeye tu."

"Wale watoto wa zahanati..."

"Ndiyo, mama."

Sasa alikaa. Nje, Njiku alikohoa, akasogea mbali na dirisha. Salome alimweleza tu kilichobaki. Kwamba atarudisha maji ya mji kwa robo leo, na robo nyingine kesho, mpaka kionja kiugue. Kwamba kikiugua vali zitafungwa, na kwamba hakitapona. Kwamba baada ya hapo hakuna kingine, na Ikungulu itakatwa.

"Kwa hiyo atakufa, na maji yatakwisha."

"Ndiyo."

"Na ukimwacha hivi alivyo?"

"Maji ya mvua yatakwisha hata hivyo. Na watu wataendelea kunywa."

"Na ukimfanyia hivyo unavyotaka, watu watapona?"

"Waliovimba kidogo, labda. Kama watapata maji mengine."

"Yako wapi?"

Salome alivua pete yake, akaiweka mfukoni, akanawa mikono kwa dawa. Alilegeza kamba ya mpira kidogo tu, mpaka tone moja kati ya manne likawa la mji. Mwanaidi aliinuka, akaja kusimama karibu naye. Alitaka kuona. Tone la kwanza lilipoingia, nyama ilisinyaa na kukaa hivyo kwa muda kabla ya kujinyoosha.

"Kwa leo inatosha," Salome alisema.

"Usiku ataachwa peke yake?"

"Njiku atakuwepo."

Mwanaidi aliinama akakifunga kidumu chake. Bado kilikuwa na maji. Alikisukuma kwa mguu mpaka karibu na kabati, mahali ambapo Salome angeyahitaji kujazia zile robo tatu za maji ya mvua.

"Kesho utaanza saa ngapi?"

"Asubuhi, mama. Mapema."

"Miguu hii siku hizi inanichelewesha. Usianze kabla sijafika."

"Sitaanza," Salome alisema.